Maswali ya Wazazi: Vyura Kama Somo la Sayansi Nyumbani

Kila mvua zinapoanza, wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani huniandikia kuhusu vyura kuliko kiumbe kingine chochote. Haya ni baadhi ya maswali yao, pamoja na majibu yangu.

Swali: Nina watoto wa miaka 6 na 9. Tunaishi Kibaha na hatuna kitabu chochote kinachoeleza vyura wa huku kwetu. Tuanzie wapi?

Anzieni chini ya taa ya barazani, usiku ambao mvua imenyesha mchana na kumbikumbi wameruka. Vyura wenye ngozi kavu ya vinundu, wale wanaojikokota na kuruka hatua fupi fupi, watakuja wenyewe. Waketisheni watoto umbali wa mita moja, wakae kimya, na wamwangalie chura mmoja tu anavyokula. Watagundua kwamba humpuuza mdudu aliyetulia na kumrukia anayetembea, na kwamba ulimi, ambao umeshikizwa mbele ya taya la chini wala si kooni kama wetu, hufyatuka na kurudi kabla jicho halijaudaka. Kisha, kila anapomeza, macho yake hufumba na kuzama kichwani, kwa kuwa chura hutumia macho yenyewe kusukumia chakula kooni. Hilo la macho msiwaambie mapema. Mwacheni mtoto aulize mwenyewe kwa nini anafumba macho.

Kesho yake waandike tarehe, saa, hali ya mvua na idadi ya vyura, kisha wachore. Jina la kisayansi si la haraka. Kwangu mimi, mchoro uliopinda wa mtoto aliyeangalia una thamani kuliko jina la Kilatini alilolinakili.

Swali: Mama mkwe wangu hataki watoto waguse chura. Anasema mkojo wake unapofusha na ngozi yake inaleta chunjua. Ni kweli?

Chunjua huletwa na virusi vinavyoambukizwa kati ya watu, wala chura hahusiki. Mkojo anaoutoa akishikwa ni njia yake ya kumshtua adui, na sehemu kubwa yake ni maji. Hata hivyo, mama mkwe wako asipuuzwe, kwa sababu nyuma ya macho ya vyura wenye vinundu kuna tezi mbili zinazotoa ute mweupe wenye sumu. Ute huo ukiingia machoni huwasha vikali, na mbwa aliyemng'ata chura hutokwa na mapovu mdomoni. Katazo la bibi lina msingi, ingawa sababu aliyopewa siyo yenyewe.

Watoto wanaotaka kumshika wakosheni mikono kwa maji matupu kwanza, bila mafuta ya kupaka wala dawa ya mbu, kwa maana chura hunywa na pia hupumua kwa ngozi, na kila kilichoko kiganjani humwingia mwilini. Wakimaliza wanawe kwa sabuni, kwani chura anaweza kubeba vimelea vya kuharisha. Na tafadhali, ule mtindo wa kuwamwagia chumvi vyura waliojileta uani tuuache. Chumvi humnyonya maji kupitia ngozi hiyo hiyo, naye hufa kwa mateso mbele ya watoto tunaotaka wajifunze.

Swali: Tuliweka viluwiluwi kwenye beseni, siku ya nne wote wakafa. Tulikosea wapi?

Kwanza nihakikishe tunazungumzia kiumbe kimoja, kwa sababu neno viluwiluwi tunalitumia kwa watoto wa mbu na wa chura pia. Wa mbu huning'inia chini ya uso wa maji na kujikunjakunja anaposhtuliwa. Wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia bapa, na hushinda akikwangua ute wa kijani kwenye mawe na majani.

Kama walikuwa wa chura, washukiwa wangu ni watatu: klorini ya maji ya bomba, msongamano, na chakula kilichooza. Tumieni maji ya kidimbwi kile kile mlikowachota, au ya mvua. Ya bomba yaacheni wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Ndoo ya lita 10 inatosha viluwiluwi kumi, si mia, na ikae kivulini. Wapeni mchicha uliochemshwa, kipande cha ukubwa wa ukucha, na kesho yake mtoe kilichobaki. Baada ya kila siku mbili tatu badilisheni theluthi ya maji.

Mkishafika hapo, somo lenyewe ndipo linapoanza. Mwekeni mmoja katika glasi ya kioo kwa dakika tano, mmwangalie kwa chini: kwenye tumbo mtaona utumbo uliojiviringa kama kamba ya ndoo, kwa kuwa mla majani huhitaji utumbo mrefu. Atakapogeuka mla wadudu, utumbo huo utafupika. Miguu ya nyuma hutangulia kuonekana, ikichipua kidogo kidogo. Ya mbele huundwa chini ya ngozi na kutokeza kwa ghafla. Wakati huo wekeni jiwe lenye mteremko wa kutokea majini, maana sasa anategemea mapafu na anaweza kufa maji. Msishangae akiacha kula, kwani mwili unaufyonza mkia na kuutumia. Mkia haukatiki kama wengi tunavyodhani, na mtoto mwenye rula anaweza kulithibitisha hilo kwa kuupima kila asubuhi.

Swali: Tuko karibu na Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Je, watoto waingie majini kuwatafuta?

Hapana. Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi isiyo na jeraha lolote. Chujio lililofungwa kwenye ufito mrefu linatosha, na mzazi ndiye achote akiwa amevaa buti za mpira na kuangalia anapokanyaga, kwa sababu nyoka nao huwafuata vyura.

Swali: Kuna mapovu meupe kwenye tawi juu ya dimbwi letu hapa Kilifi. Watoto wanasema ni mayai. Ni kweli?

Wanasema kweli. Kuna vyura wa mitini ambao hupiga ute kwa miguu ya nyuma hadi uumuke kama sabuni, kisha hutaga humo. Mapovu hukauka kwa nje na kubaki na unyevu ndani, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Msilitikise tawi, wekeni viti tu, msubiri.

Swali: Binti yangu wa miaka 12 amesoma kwamba kila chura hupitia hatua ya kiluwiluwi. Mimi nilisikia wapo wasiopitia. Tuko Morogoro.

Basi mko mkoa wenye ushahidi. Chura wa Kihansi, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, pembezoni mwa milima ya Udzungwa, na jike wake huzaa vyura wadogo waliokamilika. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko tu, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa; ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukaonekana kwa waliobaki, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kuanzia 2012 uzao wa wale waliosafirishwa ulianza kurudishwa korongoni. Binti achore duara la maisha la kitabuni, kisha la Kihansi kando yake, na aeleze kwa maneno yake kwa nini anayeishi kwenye manyunyu yasiyo na dimbwi hafaidiki kwa kutaga majini.

Swali: Mwanangu analia, hataki kumrudisha chura wake.

Arudishwe jioni hiyo hiyo, kwenye kidimbwi alikotoka na si kingine, ili magonjwa kama huo ukungu yasihamishwe. Beseni alibebe mwanao mwenyewe.