Trapu zenu zinaenda wapi? Maneno kwa wapya wa zamu

Wadogo zangu, trapu ni zile arifa ambazo swichi au ruta hutuma yenyewe kwa SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, kunapotokea jambo. Nawapenda, ila nikiuliza kama trapu zimewekwa na mtu akinijibu tena "tayari, mkuu" bila kunionyesha paketi, namnyang'anya enable, yaani ruhusa ya kubadilisha usanidi. Kila kundi jipya linakuja na mtindo uleule: mtu anaingia kwenye swichi, anabandika mstari wa `snmp-server host` alioutoa kwenye faili la mwenzake, swichi inanyamaza, naye anachukulia kuwa aliyenyamaza amekubali. Swichi inakubali chochote. Ukiipa anwani ya printa, itaipelekea printa trapu zako zote, na printa haitalalamika.

Haya basi, bila mpangilio wa maana sana.

1. Mstari wa host peke yake hautoshi. Huo unasema trapu ziende wapi. `Snmp-server enable traps` ndio unaosema zitoke zipi. Poti za watumiaji ziwekee `no snmp trap link-status`, la sivyo kila anayechomoa laptopu jioni atakuletea linkDown (trapu ya poti kuzimika), na wiki haitaisha kabla zamu nzima haijazoea kuzifuta bila kusoma.

2. Fungeni anwani ya chanzo: `snmp-server trap-source Loopback0`, intafesi ya ndani isiyotegemea waya wowote. Msipofanya hivyo, ruta hutumia anwani ya intafesi ambayo paketi imetokea, na njia ikibadilika, mfumo wa ufuatiliaji unaona kifaa kigeni. Tuliwahi kuwa na ruta moja iliyoonekana kwenye skrini kama vifaa vitatu. Fundi wa zamu akafungua tiketi tatu, na zote akazifunga kwa maelezo "imejirekebisha yenyewe".

3. VRF, yaani jedwali la njia lililotengwa na mengine ndani ya kifaa kilekile. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungua.

Tulikuwa tunahamia seva mpya ya kupokea trapu. Kazi ya kubadilisha anwani kwenye vifaa vyote nilipewa mimi, nami nilikuwa nimejifunza kuandika skripti juzijuzi, kwa hiyo kila kitu nilikiona kinaomba skripti. Nikajaribu kwanza kwenye swichi ya ofisini kwetu: nikachomoa kebo, linkDown ikafika, nikachomeka, linkUp ikafika. Safi. Usiku huohuo nikaiachia skripti ipite kila kifaa, ifute anwani ya zamani na kuweka mpya. Asubuhi nikahakiki kwa `show run | include snmp-server host`, na kila kifaa kikanionyesha mstari mpya. Nikatuma ripoti. Nadhani hata jedwali nililipaka kijani.

Sasa, swichi zetu za distribyusheni zilikuwa na poti ya usimamizi ndani ya Mgmt-vrf, na mstari wa zamani ulikuwa na maneno `vrf Mgmt-vrf` katikati. Wangu haukuwa nayo. Swichi haikukataa, na ikatae kwa nini, anwani si halali? Ikawa kila trapu inatafutiwa njia kwenye jedwali la kawaida, ambako njia ya kwenda kwenye seva haipo, basi inatupwa humohumo ndani bila hata kugusa waya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilisifiwa. Skrini ilitulia. Kikaoni mkubwa akasema tangu tuhame kelele zimepungua, nami nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa, nikaeleza eti nimesafisha usanidi. Wakati huo swichi mojawapo ilikuwa imeshapoteza pawa saplai moja kati ya mbili. Trapu ilitengenezwa kama inavyotakiwa, ikatupwa. Kwenye upolaji, yaani seva kuviuliza vifaa hali zao kila baada ya muda, hatukuwa tumeweka OID (namba ya kitu kinachoulizwa) ya pawa saplai hata kwa kifaa kimoja, kwa kuwa "trapu zipo". Swichi ikaendelea na ile iliyobaki mpaka nayo ilipokufa, katikati ya saa za kazi, na jengo zima likakosa mtandao. Waliotuarifu ni watumiaji, kwa simu, na hawakuwa wapole.

Ushahidi ulikuwa kwenye seva ya syslog, yaani ya kumbukumbu za matukio ya vifaa, ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia. Usanidi wa syslog skripti yangu haikuugusa, kwa hiyo vrf yake ilikuwa salama na ujumbe ulifika: pawa saplai ya kwanza imeshindwa, tarehe ya wiki kadhaa nyuma. Mkubwa alinisomea mstari huo kwa sauti, polepole, na tarehe yake, kisha akaniuliza kile kijani cha kwenye ripoti kilikuwa kinamaanisha nini. Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimehakiki ni kwamba mstari umeandikwa. Kwamba paketi inatoka na inafika, sikuwa nimekiangalia popote isipokuwa kwenye swichi moja isiyofanana na zile nyingine.

Basi andikeni `snmp-server host 192.0.2.10 vrf Mgmt-vrf version 2c` na komyuniti yenu (neno la siri la SNMP) mwishoni, na jaribuni angalau kifaa kimoja cha kila aina.

4. Namna ya kujaribu bila kuchomoa kebo ya mtu: washeni trapu ya authenticationFailure, kisha mkiwa mezani pigeni `snmpget`, amri ya kukiuliza kifaa kwa SNMP, kwa komyuniti ya uongo. Kifaa kitakukasirikia na kutuma trapu. Hiyo ndiyo paketi ninayotaka kuonyeshwa.

5. Na mkiniletea picha ya tcpdump, programu ya kunasa paketi, nitauliza swali la pili. tcpdump huiona paketi kabla fayawali ya seva hiyohiyo haijaizuia, kwa hiyo inaweza kuonekana pale kwenye UDP 162 na bado isifike kwenye programu. Hata ikifika, snmptrapd (programu inayopokea trapu kwenye seva) tangu toleo la 5.3 haishughulikii trapu ambayo hukuiruhusu. Bila `authCommunity log,execute,net` na jina la komyuniti yako inaitupa. Kijana mmoja, fundi mzuri tu, aligombana na timu ya fayawali siku nzima kwa ajili ya mstari huo. Walikuwa wameshamfungulia tangu asubuhi.

6. Trapu hutumwa mara moja na haina risiti. Infomu ni arifa ileile, ila husubiri jibu. Kwenye Cisco, usipobadilisha kitu, isipojibiwa hurudia mara 3. Fikirini linkDown ya uplinki, linki inayokiunganisha kifaa na mtandao mwingine: taarifa ya kifo cha linki inataka kupita kwenye linki iliyokufa. Ikiwa kuna njia ya pili, mara nyingi trapu huwa imeshapotea kabla njia hiyo haijashika, ilhali infomu inaweza kuikuta. Ikiwa njia ni moja tu, hakuna cha trapu wala infomu, upolaji ndio utakaokwambia. Anayewaambia chagueni kimoja kati ya trapu na upolaji hajawahi kukaa zamu.

7. SNMPv3, toleo linalotumia watumiaji badala ya komyuniti: trapu hutumia engineID (namba ya utambulisho) ya kifaa kinachotuma, infomu hutumia ya anayepokea. Kwa kawaida engineID ya swichi hutokana na MAC, kwa hiyo mkibadilisha swichi iliyokufa kwa mpya yenye usanidi uleule, snmptrapd haitamtambua mtumiaji wake mpaka mrekebishe engineID kwenye mstari wa `createUser -e`. Liandikeni hilo kwenye hatua za kubadilisha kifaa, si vichwani mwenu.

8. Komyuniti ya `public`, ambayo kila mtu anaijua: hapana.

9. `write memory`. Najua mnajua. Aliyepoteza mistari yote umeme ulipokatika mwezi uliopita naye alikuwa anajua.