Ukiwa na Mafua, Usipande Gombe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabora aliniandikia. Yeye na wenzake wa kazini wamechanga pesa, wanakuja Kigoma kwa treni ili waende Gombe kuona sokwe, na mmoja wao ana mafua. Anauliza kama barakoa itatosha. Nimemjibu haitoshi. Najua alitarajia jibu jingine. Swali hili nalipata kila msimu, na mara nyingi mtu analiuliza akiwa ameshafika Kibirizi, zinakoondokea boti za Gombe, mguu mmoja ndani ya boti.

Magonjwa yetu yanampata sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwalemaza na kuwaua sokwe wa Gombe, baada ya kuzuka kwa watu wa maeneo ya jirani. Mwaka 2006, kule Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini ya Kigoma, ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe wa kundi la M, kundi ambalo ndilo wageni hupelekwa kulitazama. Gombe nayo ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba hamsini na kitu, imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na ukingo wa juu wa milima. Sokwe wakiugua pale, hakuna pa kuwakimbizia.

Mimi msimamo huu umenigharimu kibarua. Nilikuwa napeleka wageni wa kampuni moja ya hapa mjini. Siku hiyo tulikuwa tunapanda bonde la Kakombe, mteremko mkali, kokoto zinateleza chini ya kiatu. Mgeni mmoja alikuwa anakohoa tangu kwenye boti, akasema ni vumbi tu. Tulipofika kwenye kona akashusha barakoa afute jasho, akainama ameshika magoti, akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi. Hapo hapo mama sokwe akatokea njiani juu yetu, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Nikamshika mgeni mkono, nikamwambia kwa heshima, "Mzee, wewe na mimi tunarudi." Alifoka. Alikuwa amelipa, na alitoka mbali.

Kampuni ilimrudishia sehemu ya pesa zake, mimi sikupigiwa simu tena. Niliambiwa mteja hakatazwi. Mpaka leo boti yao ikipita naumia, lakini ningewekwa tena kwenye ile kona ningemrudisha vilevile.

Kwa hiyo ndugu zangu, tunaopenda milima hii tuwe wakweli kabla hatujapanda. Ukiwa na mafua, kikohozi, homa au tumbo la kuharisha, sema. Barakoa ifunike pua, isining'inie kidevuni. Kaa mita 10 kutoka kwa sokwe, na yeye akikusogelea, wewe ndiye wa kurudi nyuma. Saa moja mliyopewa ikiisha, ondokeni, hata kama picha haijatoka vizuri. Usiteme mate njiani. Karatasi uliyopengea kamasi rudi nayo mfukoni.

Na mteremko wenyewe uheshimiwe. Ukishuka, kanyaga kwa unyayo mzima, beba fimbo, usishike nyasi ukidhani zitakuzuia. Usiangushe jiwe, chini yako kuna watu. Usikate njia kwenda mkato: nyasi zikishakanyagwa pale, mvua ya masika inapafanya korongo na udongo unaishia ziwani. Vijana wengi hukata mkato ili wawe wa kwanza juu. Wa kwanza kwa faida ya nani? Chakula nacho kisionekane ovyo ufukweni. Nyani wa pale wanapora, na nyani aliyezoea kupora hamwogopi mtu.

Dada yangu wa Tabora, mwenzenu asipopona msimwache nyumbani, ila Gombe asiende. Apelekwe Ujiji aone pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, jioni ale mgebuka wa kuchoma hapa mjini. Ninyi mkirudi na boti mtamkuta. Na kama mnaweza kusogeza tarehe mpaka kikohozi kiishe kabisa, piga simu hifadhini leo, kabla hamjakata tiketi za treni.