Eksesi ya bima ya gari: nilichagua kubwa, nikajuta mwezi wa tano

Dada yangu, umesema umenunua Demio ya laki sita, leseni yako haijatimiza mwaka, na broka amekuwekea karatasi mbili za bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe: moja eksesi yake ni 15,000, nyengine 30,000 lakini imepungua bei kwa 4,000 kwa mwaka. Wauliza utie sahihi ipi. Mimi niko hapahapa Malindi, Barani, na karatasi ya aina hiyo ya pili niliitia sahihi huku nacheka.

Eksesi ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Matengenezo yakifika 100,000 na eksesi yako ni 15,000, kampuni yatoa 85,000. Hata kosa likiwa la mwenzio, mara nyingi wewe ndiwe utakayetanguliza kulipa, kisha ndio mwaanza kuidai bima yake. Thadi pati, bima ya hasara za watu wengine, ile ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, haitengenezi gari lako hata kwa shilingi moja, kwa hivyo hapa haituhusu.

Probox yangu ilithaminiwa 800,000. Karatasi ya kwanza ilikuwa 36,000 kwa mwaka, eksesi asilimia 2.5 ya thamani, yaani 20,000. Ya pili 30,000, eksesi asilimia 5, yaani 40,000. Nikaona ile 6,000 ni tairi ya bure. Hesabu ambayo sikuipiga ni hii: nikipata ajali nitaongeza 20,000, na kwa mwaka naokoa 6,000 tu. Ili nisipate hasara, yapasa nikae miaka mitatu na miezi minne bila kugonga wala kugongwa, na hizi tuktuk zetu zinazokata kona kana kwamba barabara ni ya urithi!

Sikumaliza miezi minane. Mwezi wa tano, Mei, natoka Gongoni narudi nyumbani, nimeshaipita Mambrui, daraja la Sabaki sijalifika, kiza ndio kinaingia. Punda wawili wakatoka vichakani upande wa kushoto. Wa kwanza akavuka. Wa pili nikampata na pembe ya gari. Akaanguka, akanyanyuka, akajikung'uta, akaenda zake. Rejeta yangu ikabaki inamwaga maji lamini kama birika iliyotoboka. Mwenye punda hakutokea. Punda wa huku akibeba mizigo ana wenyewe watatu, akigongwa hana hata mmoja.

Boneti, taa, rejeta na rangi: 96,000. Abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, niliipata siku ya pili, mkaguzi wa bima akaja, kampuni ikakubali 56,000 yake bila maneno. Kilichonishinda ni 40,000 yangu.

Mtu wa Malindi haelezwi mwezi wa tano ukoje. Mvua za masika, kusi lavuma, hoteli nyingi zimefunga milango, Wataliano wamerudi kwao. Mimi ni fundi cherehani, hushona mapazia na foronya za hoteli. Mwezi ule nilishona sare za shule tu. Gari lilikwisha, likang'arishwa, kisha likakaa gereji wiki tatu kuku wakilalia boneti, maana gereji haitoi gari mpaka eksesi ilipwe. Mwisho nilikopa chama. Ile 6,000 niliyookoa ilimalizika kwa nauli za tuktuk na riba.

Kwa hivyo usimuulize broka ipi ni nafuu. Jiulize: katika mwezi wako mbaya kabisa wa mwaka, waweza kutoa ngapi kwa siku moja bila kukopa? Kama una mshahara usiokosa na akiba ya kutosha, chukua ile ya 30,000. Kama kipato chako chafuata msimu, chukua 15,000. Na kwa hesabu yako, hiyo 4,000 yahitaji miaka mitatu na miezi tisa kufidia tofauti. Kwa dereva mpya mimi nisingeithubutu.

Lakini usidhani eksesi ndogo ni ruhusa ya kudai kila mkwaruzo. Umeegesha chini ya mnazi, nazi ikakubonyeza boneti, fundi wa bodi akakwambia 17,000. Ukidai utapata 2,000, na huenda ukapoteza punguzo la asiyedai mwaka ujao. Hiyo lipa mwenyewe na uhame mnazi.

Mengine yamo kwenye maandishi madogo. Kwenye karatasi yangu, eksesi ya wizi ni asilimia 10 ukiwa na traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liliko, na 20 bila traka, yaani 80,000 au 160,000. Kama una kawaida ya kwenda Lamu ukaliacha gari Mokowe, pale pa kupandia boti, siku tatu, hapo ndipo pa kutazama. Dereva ambaye leseni yake haijatimiza mwaka huongezewa eksesi nyengine juu, kwenye karatasi yangu ni 5,000, nawe umo humo. Pia siku hizi nalipia kinga ya eksesi, 4,000 kwa mwaka, na ajali ikitokea sitoi kitu, wizi haumo. Muulize broka wako kama anayo, na kama yatumika mara moja tu au kila ajali.

Ukishindwa kuelewa, piga picha ule ukurasa wa eksesi, funika jina na namba ya gari, uweke hapa nikutazamie. Leo nashona mpaka saa nne usiku, nitaiona.