Operesheni ya urembo imeisha, mbona moyo mzito? Maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanafanana sana, watu wamefanya pua, matiti, tumbo, wametoka salama halafu wakajikuta wanalia bila kujua wanalia nini. Nimechagua machache.

Nimefanya pua, leo siku ya nne. Nikijiangalia kwenye kioo nalia tu. Dada, nimejiharibu?

Pole sana mpenzi. Hapana, hiyo unayoiona bado sio pua yako, ni uvimbe. Siku 2 au 3 za mwanzo uvimbe ndo unapanda, kwa hiyo umejiangalia wakati mbaya kuliko wote, macho yamevilia damu, plasta katikati ya uso, nani angejipenda hapo? Michubuko mingi inaisha ndani ya wiki 2 hivi, ila uvimbe wa ncha ya pua unaweza kuchukua hata mwaka kuisha kabisa. Na huzuni yenyewe ina sababu zake mwilini, umetoka kwenye nusu kaputi, unalala kichwa juu kwa hiyo usingizi ni wa mang'amung'amu, huli vizuri, na kama ulipewa steroidi za kupunguza uvimbe basi zikiisha mudi inaweza kushuka nazo. Kioo kitumie wakati wa kusafisha tu. Selfi acha kabisa kwa sasa, simu ikiwa karibu na uso inaikuza pua hata ya mtu ambaye hajaguswa. Na usianze kutafuta daktari wa kurekebisha saa hizi, naomba sana, huwezi kurekebisha kitu ambacho hakijatulia.

Natumia tramadol za maumivu, na vidonge vya sonona nilianza zamani. Vinaweza kuwa ndo vinanifanya nijisikie hovyo?

Vinaweza, tramadol na kodeini zinalegeza mwili, zinafunga choo na mudi inaweza kushuka. Lakini kinachonitisha mimi ni huo mchanganyiko. Tramadol na baadhi ya dawa za sonona zikikutana serotonini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na mudi, inaweza kupanda kupita kiasi, ukianza kutetemeka, jasho linakutoka, moyo unaenda mbio, akili inachanganyikiwa, nenda hospitali muda huohuo. Hata kama huna dalili yoyote mpigie daktari wako leo umtajie dawa zote unazomeza. Usiache vidonge vya sonona ghafla kwa uamuzi wako, na pombe usiguse.

Ndugu wananiambia "si ulijitakia mwenyewe". Naona aibu hata kusema nina huzuni.

Hili limeniuma. Kwani aliyechagua kukatwa haumii? Nyama imekatwa, imeshonwa, mwili unatumia nguvu kujijenga, na wewe umefungiwa ndani humo humo na watu wanaokusimanga. Huna kesi ya kujibu. Chagua mtu mmoja tu asiye na maneno, mwandikie hivi: "sihitaji ushauri, njoo tukae". Wengine waambie unapumzika, simu weka pembeni, na picha za watu waliopona zamani usizifungue kwanza.

Kutembea kunasaidia?

Sana, kama daktari kakuruhusu. Hatua chache ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, zinachangamsha na zinapunguza hatari ya damu kuganda kwenye miguu. Ila pumzi ikikata, kifua kikauma, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usijiambie ni wasiwasi tu, kimbia hospitali.

Mke wangu alifanya tumbo, wiki ya tano sasa hali chakula, haongei, juzi kasema bora asingeamka kwenye ile nusu kaputi. Nifanyeje?

Kaka, hapo usisubiri. Unyonge wa kawaida baada ya operesheni huanza kupungua wiki kadhaa za mwanzo, ukipita wiki 2 mtu yuko chini karibu kila siku ni lazima apimwe sonona, na hayo maneno yake ni ya kushughulikia leo leo. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, dawa zote za nyumbani zishike wewe, mpeleke hospitali na daktari aliyemfanyia operesheni naye apewe taarifa. Mkifika rudia alichosema neno kwa neno, usikipunguze makali kwa kuona aibu.