Rili hazizunguki? Weka solda pembeni kwanza

Juzi msomaji mmoja kanitumia meseji, karithi tepu rekoda ya rili, akiwasha taa inawaka ila rili hazizunguki, na fundi kamwambia mota imekufa. Aisee nilivyoisoma moyo ulinienda mbio, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena na mtu ambaye hata hakufungua mfuniko wa nyuma, akasema nimuachie tu atoe spea. Mpaka leo linaniuma. Mashine hiyo ndiyo napigia tepu zangu sasa hivi, sauti imejaa mpaka raha, na mota ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa nisikilizeni jamani. Kwenye mashine hizi za miaka ya 60 na 70, mara nyingi kinachotangulia kufa ni raba na grisi. Yangu nilipoifungua, belti, yaani ule mkanda wa raba unaopeleka nguvu ya mota, ilikuwa imeyeyuka, imekuwa lami kabisa, imegandia kwenye puli, vile vigurudumu inavyozunguka, na mota ya watu inazunguka vizuri tu ila nguvu haifiki popote! Kuitoa ile lami ni spiriti, vitambaa na subira, siwachoshi na hiyo. Ukikosa belti ya zamani ya kupimia, zungusha uzi kwenye puli zote belti inapopita, pima urefu wake, halafu tafuta belti fupi kidogo kuliko huo uzi ili ikae imekaza. Ila kama yako ni ya mota tatu kama Revox A77 iliyotoka 1967, usihangaike na hiyo belti, pale kapstani, yaani kile kijiti cha chuma kinachovuta tepu, kinazungushwa na mota yake moja kwa moja, kwahiyo mota ikigoma anza kushuku kapasita yake, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme.

Na mashine iliyolala miaka mingi usiichomeke ukutani hivihivi. Ipitishie umeme kwenye globu ya zamani ile ya waya ndani, iliyofungwa kwa siriizi, yaani umeme upite kwenye globu ndipo ufike kwenye mashine, ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima, kuna shoti. Kapasita za karatasi za upande wa umeme wa ukutani zikizeeka zinapasuka ganda, unyevu unaingia, siku unawasha zinatoa moshi nyumba nzima inanuka. Hizo badilisha bila kuuliza mtu. Na hata ukichomoa waya kapasita kubwa zinabaki na chaji, usiingize vidole.

Sauti ikiwa imefifia, kama ipo nyuma ya blanketi, watu wanakimbilia kununua hedi mpya, kile kichwa kinachosoma sauti kwenye tepu. Kwanini lakini? Safisha kwanza! Tepu imepakwa oksaidi ya chuma, inaacha uchafu wa kahawia kwenye hedi, na uchafu mwembamba tu unakula sauti zote za juu. Spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kijiti cha pamba, futa hedi, futa kapstani, futa kila tepu inapopita. Ile raba inayoibana tepu kwenye kapstani mimi naifuta kwa maji na sabuni laini, spiriti inaikausha. Yangu ilivyosafishwa sauti za juu zilirudi zote, hedi zilezile nilizoambiwa zimelika. Mtu anakuuzia hedi wakati shida ni uchafu, halafu tunamuita fundi! Ndugu zangu tusikubali kuambiwa kitu kimekufa na mtu ambaye hajakigusa, mwambieni afungue muone wote.

Halafu tepu zenyewe. Jaribu mashine na tepu usiyoijali, ile ya sauti ya marehemu babu isubiri. Tepu ikianza kulia kwiii na kuacha matope kwenye hedi, simamisha hapohapo, gundi yake imenyonya unyevu, tatizo linalojulikana sana kwenye tepu za Ampex 456. Hizo zinaokwa kwa joto dogo la nyuzi kama 54 kwa saa nyingi ndipo zinapigika kwa muda, uhamishe sauti upesi. Lakini kabla ya kuoka inua rili uiangalie ubavuni kwenye mwanga, mwanga ukipenya hiyo ni asetati, aina ya plastiki ya tepu za zamani, na asetati haiokwi kabisa, ukiipasha moto unaiharibu.