Hita ya papo hapo chini ya sinki: ya kilowati 3.5 au 5.5?

SWALI: Habari fundi. Niko Njombe mjini, na asubuhi maji ya bomba la jikoni hayashikiki kwa baridi. Nataka hita ndogo isiyo na tanki, ya kufunga chini ya sinki. Dukani kuna ya kilowati 3.5 na ya 5.5, na muuzaji anasema zote zinachemsha papo hapo. Maji yangu yanatoka kwenye simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 3. Fundi wangu anataka kuchukua umeme kwenye soketi ya friji. Nichukue ipi? Na je, inaweza kulisha na shawa?

JIBU: Kama ni sinki la kuoshea masufuria, chukua ya 5.5. Ila usilipie bado. Kuna kipimo kimoja cha kufanya hapo nyumbani ambacho kinaweza kuzikataa zote mbili, nacho ni presha ya hilo simtanki.

Tuanze na ukubwa. Hita ya aina hii haiweki akiba ya maji moto; maji yanapita kwenye elementi (chuma kinachopata moto ndani yake) mara moja tu na kutoka. Chukua lita zinazopita kwa dakika, zidisha kwa nyuzi joto unazotaka kuongeza, kisha zidisha kwa 0.07. Unapata kilowati zinazohitajika. Tuchukulie maji yako asubuhi ya Julai yako nyuzi 14. Kunawa mikono kunataka nyuzi 38 hivi: lita 2 × 24 × 0.07 ni kilowati 3.4, kwa hiyo ile ndogo inatosha. Sufuria lenye mafuta linataka nyuzi 45 na maji mengi kidogo: lita 2.5 × 31 × 0.07 ni 5.4. Hiyo habari ya kuchemsha ni maneno ya dukani. Ili hata ile ya 5.5 ikaribie kuchemsha, ungepitisha chini ya lita 1 kwa dakika, na kwa maji machache hivyo hita nyingi hazijiwashi kabisa.

Angalia pia lebo inasema kilowati hizo ni kwa volti ngapi, maana nguvu ya elementi hushuka haraka kuliko volti. Hita iliyoandikwa 5.5 kwa volti 240 itatoa kama kilowati 5 kwenye volti 230, na jioni umeme wa mtaani ukishuka hadi 200 inabaki 3.8. Mtu analalamika hita imechoka kumbe ni laini ya umeme. Na ukiletewa zawadi kutoka Marekani iliyoandikwa volti 120, usiifunge. Itaungua siku hiyohiyo.

Sasa presha. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya baa 1. Mnara wako ni mita 3, koki ya sinki iko mita 1 kutoka ardhini, kwa hiyo tanki likikaribia kuisha unabaki na baa 0.2, na likijaa labda 0.3. Ndani ya hita kuna swichi inayosukumwa na mwendo wa maji. Mwendo usipofika kiwango chake, mara nyingi lita 1.5 hadi 2 kwa dakika, elementi haipati umeme. Fungua koki yote ya sinki na ujaze chupa ya maji ya lita 1.5, tanki likiwa nusu. Ikijaa kwa sekunde 45, hiyo ni lita 2 kwa dakika, na ukifunga hita katikati yatapungua zaidi kwa sababu njia yake ni nyembamba. Mimi ningetaka chupa ijae ndani ya sekunde 20. Ikichukua zaidi ya 30, una njia mbili: pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba la maji baridi, au uachane na hita ya papo hapo.

Njia hiyo ya pili watu huidharau. Hita ndogo yenye tanki la lita 10 na elementi ya kilowati 1.5 hupasha maji kutoka nyuzi 14 hadi 60 kwa dakika 21 hivi. Ukiyachanganya na ya baridi unapata kama lita 15 za nyuzi 45, haihitaji mwendo mkubwa wa maji, na soketi ya kawaida iliyo nzima inaibeba. Lazima tu iwe na valvu yake ya kutolea presha. Kwa nyumba ya simtanki la mnara mfupi, mara nyingi ndiyo jibu.

Tuseme chupa imejaa vizuri na umechukua ya 5.5. Soma kama ni ya kuhimili presha au ya mdomo wazi. Ya mdomo wazi hufungiwa maji upande wa kuingia tu, na inauzwa na bomba lake maalumu. Ukiweka koki upande wa kutoka, presha inabaki ndani na kasha linapasuka. Kwenye bomba la kawaida la moto na baridi, ni ile ya kuhimili presha tu. Hata hiyo usiitumie kwa kuchanganya: ukifungua na upande wa baridi, maji yanayopita kwenye hita yanapungua, swichi inakatika, na ghafla yote ni baridi. Fungua upande wa moto peke yake, kisha rekebisha mwendo wa maji kwa koki ya chini ya sinki, hadi upate joto unalolitaka.

Kuhusu soketi ya friji: hapana. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampia 24, na soketi ni ya ampia 13. Hata ile ya 3.5 inavuta 15. Kinachoungua kwanza ni pale mguu wa plagi unaposhikwa na kile kibati cha ndani: kinapata moto, kinalegea, kulegea kunaongeza moto, na plastiki inageuka kahawia. Vuta laini mpya kutoka DB (boksi la breka za nyumba): waya wa shaba wa milimita 4 (wa 6 kama DB iko zaidi ya mita 25), breka ya ampia 32, na swichi inayokata nyaya zote mbili, ya ampia 32 au ile ya jiko ya 45, mahali pasiporukiwa na maji. Weka na kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30, na ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) inayofanya kazi kweli. Mabomba ya plastiki hayawezi kuwa ethi. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na skrubu za nyaya zikazwe tena baada ya wiki chache, maana hulegea kwa kupata moto na kupoa.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, acha maji yapite umeme ukiwa umezimwa, hadi bomba liache kutema hewa. Fanya hivyo kila maji yanapokatika na kurudi. Elementi ikikutana na hewa badala ya maji huungua kwa sekunde chache, na dhamana nyingi hazilipi hilo. Kichujio cha wavu pale maji yanapoingia kwenye hita kifunguliwe kila miezi michache. Simtanki hutoa mchanga.

Kwa dakika 10 kwa siku, LUKU itapungua kama uniti 28 kwa mwezi. Kama uko D1, lile kundi la bei nafuu la watumiaji wadogo wa umeme, kumbuka ukomo wa uniti 75 kwa mwezi.

Shawa, hapana. Lita 5 kwa dakika hadi nyuzi 40 ni kilowati 9, ampia 39. Itafutiwe hita yake na waya wake.