Kabla hujasema injini hii ni kali kuliko ile

Kila toleo jipya la injini ya chesi (programu inayocheza chesi) likitoka, watu huanza kurushiana matokeo: hii imeifunga ile 6 kwa 4, basi ubishi umekwisha. Mimi huuliza kwanza zilichezeshwa vipi. Mara nyingi sijibiwi.

Hata wakubwa wameulizwa swali hilohilo. Desemba 2017 DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, walitangaza kwamba programu yao AlphaZero imecheza michezo 100 na injini ya Stockfish 8, ikashinda 28, ikatoka sare 72, wala haikupoteza hata mmoja. Wajuzi wakahoji masharti. Stockfish ilipewa GB 1 tu ya heshi (kumbukumbu ya nafasi ilizokwisha kuzichambua) ilhali ilikuwa inatumia thredi 64 (mikondo ya hesabu inayokwenda kwa pamoja), na kila hatua ilipangiwa dakika moja kamili. Injini hiyo imeundwa ijipangie saa yake yenyewe: ipite haraka penye jibu la wazi, itulie pagumu. Ukiibana kwa dakika moja kila hatua, ujuzi huo umeutupa. Mwaka uliofuata walichapisha mechi nyingine ya michezo 1,000, saa tatu kwa kila upande na sekunde 15 za nyongeza kwa hatua, heshi GB 32. AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6. Bado ilikuwa mbele, ila safari hii mtu hakuwa na pa kuishika. (Swali la vifaa lilibaki palepale: chipu maalumu za Google dhidi ya prosesa za kawaida, unazilinganisha kwa kipimo gani? Kwa bei? Kwa umeme? Sijaona jibu la kuniridhisha.)

Sisi wa laptopu moja tuna mambo mepesi zaidi, na mengi yako mikononi mwetu. Zipe injini zote mbili idadi sawa ya thredi na heshi sawa. Zima ile kazi ya kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani, kwa sababu kwenye mashine moja zitanyang'anyana prosesa. Chomeka chaja, funga kivinjari. Mimi huangalia namba ya nodi kwa sekunde, yaani nafasi ngapi injini inazikagua kila sekunde, mwanzoni na katikati ya mechi. Laptopu ikiwekwa juu ya kitanda mchana wa joto, namba hiyo hushuka, na matokeo ya jana hayalingani tena na ya leo.

Ufunguzi ndio watu wengi husahau. Injini mbili zikianzia ubao wa kawaida bila kitabu (hatua za mwanzo zilizoandaliwa), zinaweza kurudia michezo inayofanana mno, nawe ukadhani una ushahidi wa michezo hamsini kumbe ni michache tu iliyojirudia. Tumia orodha ya nafasi fupi za ufunguzi, na kila nafasi ichezwe mara mbili, injini zikibadilishana nyeupe na nyeusi. Cutechess, programu ya kuchezesha injini, hufanya hivyo yenyewe ukiiagiza.

Halafu idadi. Katika michezo 100 ambayo karibu nusu ni sare, kosa la makadirio ni kama pointi 50 za Elo (kipimo cha ukali wa mchezaji) juu au chini. Kwa hiyo 53 kwa 47 haijakwambia kitu. Ukitaka kuona tofauti ya pointi 10, jiandae kwa maelfu ya michezo. Ndiyo maana wanaoiendeleza Stockfish huanza kupima mabadiliko yao kwa michezo ya sekunde 10 tu kwa kila upande na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa hatua. Panga idadi kabla ya kuanza. Anayesimamisha mechi pale injini anayoipenda inapoongoza hajapima, amechagua.

Na kabla ya yote hayo, chezesha injini dhidi ya nakala yake yenyewe, mipangilio ileile, usiku kucha. Alama zikae karibu na nusu kwa nusu. Nakala moja ikiiacha nyingine mbali, usiguse injini: kagua thredi, heshi, saa na orodha ya ufunguzi, kisha rudia.